Nchi zinazofadhili ugaidi, Sudan na fidia ya mabomu ya 1998: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu asubuhi ikiwa imepita kidogo, magari mawili ya mizigo yaliyojaa baruti yalilipuka karibu kwa wakati mmoja kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Walikufa watu 224: Nairobi 213, Dar es Salaam 11. Waamerika katika hao walikuwa 12, wote Nairobi. Waliobaki karibu wote walikuwa Wakenya na Watanzania. Maelfu walijeruhiwa, na wengi waliharibika macho kwa sababu walikimbilia madirishani waliposikia mshindo wa kwanza, vioo vikawakuta hapo hapo.

Kila Agosti inapofika maswali yale yale hurudi. Nani alilipa? Nani alilipwa? Sudan iliingiaje? Hapa nimeyajibu yale ninayoulizwa zaidi.

Nchi inayofadhili ugaidi ni nchi gani, na nani anaamua?

Anayeamua ni Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Umoja wa Mataifa hauna orodha kama hiyo, wala Umoja wa Afrika. Watu wengi hudhani ni hukumu ya dunia nzima, kumbe ni uamuzi wa serikali moja kwa sheria ya bunge lake. Waziri akiridhika kwamba serikali fulani imeunga mkono vitendo vya ugaidi wa kimataifa mara kwa mara, anaiweka.

Orodha ilianza tarehe 29 Desemba 1979 na nchi nne: Libya, Iraq, Yemen ya Kusini na Syria. Baadaye zikaongezwa Kuba (1982), Iran (1984), Korea Kaskazini (1988) na Sudan (1993).

Kwa hiyo nchi ikiingia haitoki?

Hutoka, na nyingine huingia tena. Iraq ilitolewa 1982 Marekani ilipokuwa inaiegemea katika vita vyake na Iran, ikarudishwa 1990 ilipoivamia Kuwait, ikatolewa 2004. Yemen ya Kusini ilitoka 1990 kwa kuungana na Yemen ya Kaskazini. Libya ilitoka 2006. Korea Kaskazini ilitolewa 2008, ikarudishwa 2017. Kuba ilitolewa na Obama 2015, ikarudishwa Januari 2021 katika siku za mwisho za muhula wa kwanza wa Trump; Januari 2025 Biden akatangaza kuitoa, na Trump alipoapishwa siku chache baadaye akaufuta uamuzi huo.

Kisheria, rais lazima kwanza alitaarifu bunge na athibitishe ama kwamba uongozi na sera za nchi hiyo vimebadilika kabisa, ama, kwa taarifa ya siku 45 kabla, kwamba kwa miezi sita haijaunga mkono ugaidi na imeahidi kutorudia. Ukifuatilia tarehe hizo utaona wazi kwamba ushahidi wa ugaidi ni sehemu tu ya hesabu. Siasa ni sehemu kubwa. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliwalisha na kuwapa silaha waasi wa RENAMO wakati Msumbiji inateketea, na haikuwekwa kwenye orodha hii hata siku moja. Nelson Mandela na wenzake wa ANC, kwa upande wao, waliendelea kubanwa na majina yao katika kumbukumbu za ugaidi za Marekani hadi 2008, mwaka aliotimiza miaka 90.

Kuwekwa kwenye orodha kunaiumizaje nchi?

Misaada ya Marekani husimama, silaha haziuzwi, na bidhaa zinazoweza kutumika kiraia na kijeshi huhitaji kibali. Mjumbe wa Marekani katika Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa hutakiwa kupinga mikopo ya nchi hiyo. Jambo la tano, ambalo kwa habari yetu ndilo kubwa kuliko yote, ni kwamba nchi hupoteza kinga yake mbele ya mahakama za Marekani.

Kinga hiyo ni nini?

Kwa desturi ya sheria za kimataifa, dola haishitakiwi katika mahakama za dola nyingine. Ukidhulumiwa na serikali ya kigeni, huendi mahakama ya wilaya kwenu kuidai. Mwaka 1996 bunge la Marekani lilifungua mlango: nchi iliyo kwenye orodha inaweza kudaiwa fidia kwa mauaji, mateso, hujuma dhidi ya ndege na utekaji nyara. Mwaka 2008 mlango ukapanuliwa, na fidia ya kuadhibu ikaruhusiwa pia, yaani fedha zinazotozwa ili kumtia adabu mkosaji juu ya zile za kufidia hasara.

Lakini mlango huo una bawabu. Nitarudi kwake.

Sudan ilifanya nini hasa?

Tarehe 30 Juni 1989 Omar al-Bashir alipindua serikali iliyochaguliwa, na nyuma yake alikuwepo Hassan al-Turabi, msomi aliyetaka Khartoum iwe makao ya harakati za Kiislamu za dunia nzima. Mlango ulifunguliwa kwa kila aina ya mtu. Carlos, gaidi wa Venezuela aliyekuwa akisakwa na Ufaransa, aliishi Khartoum hadi alipokabidhiwa kwa Wafaransa Agosti 1994. Osama bin Laden, kiongozi wa Al-Qaeda, kundi lililotega mabomu ya 1998, alifika mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kukaa hadi Mei 1996.

Watu wakisikia kufadhili hufikiria sanduku la fedha. Hapa mkondo wa fedha ulikwenda kinyume: bin Laden ndiye aliyekuja na mali. Alikuwa na kampuni za ujenzi na kilimo, na alijenga barabara. Serikali ilimpa vitu ambavyo fedha peke yake hainunui. Ilimpa mahali pa kukaa bila kusumbuliwa, pasipoti za Sudan kwa watu wake, ruhusa ya kupitisha mizigo bila kukaguliwa na forodha, na ulinzi wa idara ya usalama. Haya yalielezwa mahakamani New York mwaka 2001 na Jamal al-Fadl, Msudani aliyekuwa mwanachama wa Al-Qaeda kabla ya kuikimbia. Kundi lililoandaa Nairobi lilijengwa katika miaka hiyo, na kutoka Khartoum hadi Nairobi si safari ndefu.

Kisha Juni 1995 wauaji walijaribu kumuua rais wa Misri, Hosni Mubarak, mjini Addis Ababa. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliitaka Sudan iwakabidhi watuhumiwa watatu, ikakataa, na mwaka 1996 likaiwekea vikwazo. Kwa hiyo kabla ya mabomu ya 1998, hata Waafrika wenzake walikuwa wameshaichoka Khartoum.

Lakini bin Laden alikuwa ameshaondoka Sudan miaka miwili kabla ya mabomu. Sudan inabebeshwaje lawama?

Hii ndiyo hoja ya Sudan yenyewe, nayo haikuwa hoja ya kijinga. Mwaka 2011 mahakama ya Washington iliamua kwamba bila hifadhi ya miaka ile Al-Qaeda isingefikia uwezo wa kulipua balozi mbili kwa siku moja, na kwamba msaada wa pasipoti na njia haukukatika bin Laden alipopanda ndege kwenda Afghanistan. Mahakama ya rufaa iliunga mkono uamuzi huo. Mimi naona ni sahihi. Anayempa mtu miaka minne ya kunoa panga hawezi kusema hakuwepo siku ya kukata.

Na kile kiwanda cha dawa kilichopigwa Khartoum?

Siku 13 baada ya mabomu, tarehe 20 Agosti 1998, Marekani ilirusha makombora kwenye kambi za Khost huko Afghanistan na kwenye kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum. Ilidai kiwanda kinatengeneza malighafi ya silaha za sumu, kwa kutegemea sampuli ya udongo. Madai hayo hayakuthibitishwa hadharani hadi leo, na kiwanda kilikuwa kinatengeneza sehemu kubwa ya dawa za watu na mifugo nchini humo. Wenye mali walipofungua kesi Marekani, mahakama zilisema hili ni suala la kisiasa lisiloamuliwa na majaji. Kesi ikafa 2011.

Ziweke kesi mbili hizi kando kando. Sudan ilishitakiwa Washington kwa damu ya Nairobi, na ni haki. Msudani hawezi kushitaki Washington kwa kiwanda chake.

Dola milioni 335 za fidia ambazo Sudan ililipa zilitoka wapi?

Kesi za waathiriwa zilifunguliwa kuanzia 2001. Mwaka 2014 mahakama ilitoa hukumu za jumla ya dola zaidi ya bilioni 10, ambazo bilioni 4.3 zilikuwa za kuadhibu. Sudan ilipinga hizo za kuadhibu, ikisema sheria ya 2008 haiwezi kurudi nyuma kuadhibu tendo la 1998. Tarehe 18 Mei 2020, Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Opati dhidi ya Jamhuri ya Sudan iliamua bila upinzani kwamba inaweza.

Wakati huo Bashir alikuwa ameshaanguka. Wasudani walijaa barabarani, na Aprili 2019 jeshi likamwondoa. Serikali ya mpito ya Abdalla Hamdok ilihitaji sana kutoka kwenye orodha, maana bila kutoka hakuna mkopo wala msamaha wa deni, na benki za nje zilikuwa zinaiogopa nchi hiyo kama ukoma. (Hofu hiyo ilikuwa na sababu: mwaka 2014 benki ya Ufaransa, BNP Paribas, ilitozwa na Marekani karibu dola bilioni 9 kwa kupitisha fedha za Sudan, Iran na Kuba.) Mapatano yakawa hivi: Sudan itoe dola milioni 335, itolewe kwenye orodha, irudishiwe kinga yake. Ilitolewa tarehe 14 Desemba 2020, baada ya miaka 27. Fedha zilifikishwa kwa Marekani mwaka 2021, na zilihusu pia meli ya kivita USS Cole iliyoshambuliwa katika bandari ya Aden, Yemen, mwaka 2000.

Hivyo waliolipa ni wananchi waliomwondoa Bashir, wakati nchi haina hata mafuta ya magari. Oktoba 2021 jeshi lilimpindua Hamdok, na tangu Aprili 2023 Sudan iko vitani.

Mimi nilikuwa napita njia siku ile, au ndugu yangu alikuwa Ufundi House. Kwa nini hatukupata chochote?

Hapa ndipo bawabu anaposimama. Sheria ile ya Marekani inamruhusu kudai mtu wa aina tatu tu: raia wa Marekani, askari wa Marekani, na mwajiriwa au mkandarasi wa serikali ya Marekani aliyekuwa kazini. Ndugu wa marehemu wanaweza kudai, lakini marehemu huyo lazima awe mmoja wa hao.

Sasa fikiria pale Nairobi, kona ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Jengo la ubalozi lilibaki limesimama ingawa liliungua na kupasuka ndani. Lililoanguka chini kabisa ni Ufundi House, jengo la jirani, lililokuwa na ofisi na wanafunzi wa chuo cha uhazili. Co-operative House iliachwa bila vioo. Barabarani kulikuwa na abiria wa matatu na mabasi, wachuuzi, na watu waliokuwa wakienda stesheni ya reli. Wengi wa wale 213 hawakuwa na uhusiano wowote na ubalozi. Walikufa kwa sababu walikuwa jirani yake, na kwa sheria hiyo ujirani si kitu.

Usidanganywe kwamba kuna fomu ulisahau kujaza. Watu wamekuwa wakitozwa fedha na madalali wanaoahidi kuwaingiza kwenye orodha ya malipo ya Sudan. Mapatano yalipokamilika na kinga kurudi, mlango huo ulifungwa. Anayekuomba ada leo anakuibia.

Wakenya na Watanzania waliokuwa wafanyakazi wa ubalozi walilipwa sawa na Waamerika?

Hapana, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Kwa mgawo uliotangazwa wakati wa mapatano, familia ya mtumishi Mwamerika aliyeuawa ilipangiwa dola milioni 10. Ya mtumishi mwenyeji aliyeuawa, dola 800,000. Watu hao waliketi ofisi moja na kupigwa na bomu moja. Wale waliohamia Marekani baadaye na kuchukua uraia walipiga kelele bungeni mpaka zikatengwa dola milioni 150 zaidi kupunguza pengo lao. Aliyebaki Kibera au Temeke hakuwa na mbunge Washington wa kumpigia kelele.

Ukitaka kujua kipimo cha dola milioni 10 kilitoka wapi, tazama Lockerbie. Ndege ya Marekani ya Pan Am ilipolipuliwa juu ya mji huo wa Uskoti Desemba 1988 walikufa watu 270, na Libya ilikubali 2003 kulipa dola bilioni 2.7, yaani milioni 10 kwa kila marehemu, wa uraia wowote.

Na Iran?

Mahakama ile ile iliikuta Iran na hatia pia, kwa maelezo kwamba watu wa Al-Qaeda walifundishwa na Hizbullah, kundi la Lebanon linaloungwa mkono na Iran, kulipua majengo makubwa kwa magari. Iran haijalipa wala haikuja kujitetea. Kuna mfuko wa Marekani wa waathiriwa wa ugaidi wa nchi, ulioanzishwa 2015 na kutiwa fedha za faini, unaowalipa kidogo kidogo wenye hukumu. Mpita njia hana hukumu, kwa hiyo nao haumhusu.

Waliotega mabomu walikamatwa?

Wanne walihukumiwa kifungo cha maisha New York mwaka 2001, akiwemo Mzanzibari Khalfan Khamis Mohamed. Mzanzibari mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, alipitia Guantanamo, gereza la jeshi la Marekani huko Kuba, kabla ya kuhukumiwa maisha Januari 2011. Fazul Abdullah Mohammed wa Komoro, aliyeratibu Nairobi, aliuawa kwenye kizuizi cha barabarani Mogadishu Juni 2011. Bin Laden mwenyewe aliuawa Mei mwaka huo huo. Dar es Salaam ingeumia zaidi kama gari la maji la ubalozi lisingekuwa limesimama langoni na kulizuia gari la bomu lisiingie.

Sheria zetu za kupambana na ugaidi zilitokana na mabomu haya?

Kwa sehemu. Msukumo mkubwa ulikuja baada ya Septemba 2001. Tarehe 28 mwezi huo Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1373 linalozilazimisha nchi zote kuutambua ugaidi kama jinai kubwa na kuzuia fedha zake. Siku hiyo hiyo, kwa azimio namba 1372, liliiondolea Sudan vikwazo vya 1996.

Tanzania ilitunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002, na Uganda mwaka huo huo. Kenya ilichelewa: muswada wa 2003 ulipingwa vikali, Waislamu wa Pwani wakiwa mbele kwa kuhofia kwamba wao ndio watakaokamatwa kwa mavazi na majina yao, na sheria ikapita 2012 baada ya wanajeshi wa Kenya kuingia Somalia. Mwaka 2014 ikaongezewa makali. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane, kikiwemo cha kuwawekea wakimbizi kikomo cha watu 150,000. Nawapongeza majaji wale. Shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, la 2013 lilikuwa bado bichi na haikuwa rahisi kusema hapana.

Hofu ya wale Waislamu haikuwa ya bure. Tanzania, masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa rumande kwa miaka mingi kwa tuhuma za ugaidi, bila dhamana, na kesi ikafutwa Juni 2021 bila kufika mwisho. Mwezi uliofuata alikamatwa Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani cha CHADEMA, naye akashitakiwa kwa ugaidi. Alitoka Machi 2022 baada ya Mkurugenzi wa Mashtaka kusema hana nia ya kuendelea. Sheria iliyopatikana kwa damu ya watu wa Oysterbay, ulipokuwa ubalozi wa Dar es Salaam, haikutungwa kwa ajili hiyo.

Kwa nini hakuna maana moja ya ugaidi duniani?

Kwa sababu ya wapigania uhuru na kwa sababu ya majeshi. Mkataba wa Algiers wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa 1999, unasema mapambano ya watu dhidi ya ukoloni na uvamizi si ugaidi. Nchi nyingine hazikubali kauli hiyo. Katika Umoja wa Mataifa mazungumzo ya mkataba mmoja yamekwama hapo tangu 2000.

Benki inanihoji kila nikipokea fedha za ndugu aliye ng'ambo. Inahusiana na haya?

Ndiyo. Ni mtoto wa azimio 1373. Nchi isiyodhibiti vizuri fedha chafu na fedha za ugaidi huwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachofuatilia fedha hizo: Uganda ilikuwemo 2020 hadi 2024, Tanzania 2022 hadi 2025, Kenya iliingia Februari 2024. Benki huogopa, nawe unahojiwa. Leta barua ya ajira au risiti ya mtumaji, na jibu kwa utulivu. Wanaoumia zaidi ni Wasomali: baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, Kenya ilifunga kwa wiki kadhaa kampuni 13 za hawala, yaani za kutuma fedha, ambazo familia nyingi zilizitegemea kwa chakula.

Je, serikali ya Kenya yenyewe inaweza kulipa waathiriwa?

Sheria ya 2012 inataja mfuko wa kuwafidia waathiriwa wa ugaidi, kwa hiyo hoja ya kwamba hakuna msingi wa kisheria haina miguu. Mwaka 2023 Seneti iliunda kamati maalumu kuhusu fidia ya waathiriwa wa 1998, na ikawasikiliza manusura, wengine wakiwa wameongozwa kwa mkono kwa sababu hawaoni. Kama wewe ni mmoja wao, tunza karatasi zako: cheti cha kifo, kadi ya hospitali ya mwaka ule, barua ya mwajiri, hata picha. Toa nakala na umwachie mtu unayemwamini, maana wengi tuliowafahamu wameshafariki, na wanaodai sasa ni watoto ambao siku ile walikuwa shule ya chekechea.